Kilichokuwa Chini ya Utando

Oktoba 3

Redieta, vile vyuma vya kupashia nyumba joto, zimeanza kugonga asubuhi, kama kila mwaka, na mama amepiga simu kabla sijavaa viatu kuniambia kwamba maji ya moto yamefika ghorofa ya nne. Akasema nimfikishie Hubert shukrani zake, kana kwamba mdogo wangu anaupasha moto mji mzima kwa kiberiti chake mwenyewe. Hubert ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha joto, kinachosambaza maji ya moto mjini, kwenye boila ya tatu, na mama anaamini kwamba redieta zake zikipoa kidogo basi Hubert ameamka na hasira.

Naandika kwa sababu Profesa Ewald amesema huu ndio msimu utakaoamua. Mabomba ya boila ya tatu yamevikwa utando wetu kiangazi hiki. Moto wa makaa ya mawe huyala mabomba, na kiwanda kilichoka kuyabadilisha. Sisi tukawaletea unga wa chuma uliofungamana na alumini, unaorushwa kwa milipuko midogo ya gesi mpaka ung'ang'anie juu ya bomba. Kitu hicho si chuma tena wala si alumini. Ni kitu cha tatu, chenye tabia yake: kigumu, hakiogopi moto, hakiogopi salfa. Aibu yake ni moja tu, kwamba hakipindi. Kikilazimishwa, kinapasuka kama kioo.

Profesa ameutafuta utando huu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mimi nimeutafuta pamoja naye tangu nilipokuwa mwanafunzi wake. Kila kitu ninachojua kuhusu kutazama metali nimekijua nikiwa nimesimama nyuma ya bega lake.

Oktoba 10

Mvua. Hakuna jipya.

Oktoba 19

Hubert ameleta kipande cha kwanza. Tulivitundika vipande vya bomba ndani ya tanuri, karibu na mlango wa ukaguzi, ili tuweze kuvitoa kimoja kimoja bila kuizima boila. Amekileta kimefungwa kwa gazeti, kama soseji.

Nimekikata, nikakizamisha kwenye gundi ngumu, nikaking'arisha hadi nikauona uso wangu, kisha nikakiweka chini ya hadubini. Sitachoka kuitazama sura hii. Kila chembe ya unga ilipiga chuma ikiwa nusu imeyeyuka, ikawa bapa, na nyingine ikaja juu yake, na nyingine tena, hadi zikalaliana kama magamba ya samaki. Kati ya gamba na gamba kuna uzi mwembamba mweusi wa oksidi. Chini kabisa utando umeshikana na chuma cha bomba bila nafasi ya kupitisha pumzi.

Profesa alitazama muda mrefu. Halafu akatoa chokoleti mfukoni, akaivunja, akanipa nusu iliyo kubwa.

Novemba 1

Makaburini, kama watu wote katika siku ya Watakatifu Wote. Mishumaa elfu na moja, matope, na maua ambayo baridi itayaua kabla ya Jumapili. Tulimwashia baba mishumaa yake. Mama aliketi kwenye kiti chake cha kukunja akaanza kulalamikia kaburi la jirani lisilosafishwa.

Hubert alinukia kitu nisichokijua, kama mafuta ya kukaangia yaliyoungua. Nilipomuuliza alicheka, akasema ni manukato mapya ya kiwanda. Tangu katikati ya Oktoba wanachanganya makaa na makapi ya alizeti na majani makavu ya ngano, malori kwa malori, kwa sababu kanuni mpya inataka wachome mazao ya shambani pia. Moto wake ni mzuri, akasema, ila majivu yanaganda kwenye mabomba kama asali iliyoungua.

Nilimuuliza kwa nini hawakutuambia.

"Kwani mnataka kadi ya mwaliko?" akasema. "Utando wenu hauogopi kitu. Si ndivyo mlivyotuimbia?"

Nilicheka naye. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza chumvi. Mimea ina chumvi. Chumvi ikiungua inatoa klorini, na sisi hatujawahi kuupima utando wetu mbele ya klorini.

Novemba 5

Nimemwambia Profesa. Amesema kiasi ni kidogo na makaa ni mengi. Amesema salfa ya makaa itaifunga ile chumvi kabla haijafika kwenye mabomba. Ni jibu zuri, liko hata vitabuni. Nimeridhika nusu.

Novemba 13

Ukungu siku nzima. Mabomba makubwa ya kiwanda yanapita juu ya barabara yakitoa mvuke kwenye maungio.

Novemba 22

Kipande cha pili.

Kwa nje ni kizuri kuliko cha kwanza. Nilifuta majivu na chini yake utando ulikuwa mzima, wa rangi ya fedha iliyochakaa, bila doa. Nikakikata na kuking'arisha. Chini ya hadubini magamba yalikuwa palepale. Lakini kutoka juu kwenda chini nyufa zilikuwa zimeshuka, nyembamba kuliko unywele, zikikata gamba baada ya gamba. Na pale chini, utando ulipokuwa umeshikana na chuma, palikuwa na mstari mweusi.

Nilidhani ni uchafu. Nikaosha. Mstari haukuondoka.

Nilimwita Profesa. Akainama, akatazama, akazungusha kioo, akatazama tena. Nilimsikia akipumua kwa pua. Kisha akasimama, akasema, kwa upole kabisa, kwamba nimekikata kwa pupa. Utando wetu ni kama kioo, nimeupasua mwenyewe kwa msumeno, na tindikali tunayosafishia vipande imeingia kwenye nyufa na kuchora huo mstari.

Inawezekana. Wanafunzi wetu wanafanya hivyo kila mwaka. Nimeona haya kama mwanafunzi.

Novemba 28

Nimerudia. Safari hii nilikizamisha kwenye gundi kwanza, nikakikata baadaye, msumeno mwembamba kabisa, maji yakitiririka muda wote, nikaking'arisha kwa mkono bila kugusa tindikali yoyote. Nimekifanya kama mtu anayemvua mtoto mgonjwa nguo.

Nyufa zipo. Mstari upo. Nikaupeleka chini ya mashine ya elektroni na kuuliza ndani ya mstari huo kuna nini. Kuna klorini.

Sasa naelewa kinachotokea. Boila hupanda na kushuka joto, utando haupindi, unapasuka. Klorini inashuka kwenye nyufa, inafika kwenye chuma na kuanza kula kwa pembeni, huku utando ukibaki juu yake mzuri, mzima, unang'aa. Bila utando tungeiona kutu. Utando unaificha.

Novemba 29

Nilimwekea Profesa picha zote mezani. Alizipanga, akazipangua. Akasema kipande kimoja si ushahidi. Kipande kinaning'inia ndani ya moto bila maji ndani yake, kinapata joto kuliko bomba lenyewe, kwa hiyo kinadanganya. Tusubiri cha Januari.

Nikamwambia kwamba kila hoja yake ni ya kweli, na kwamba tukizijumlisha zote bado mstari upo.

Akavua miwani. "Bi Malwina," akasema, "unajua watu wangapi wanasubiri kitu hiki kife?"

Niliona mikono yake, imezeeka tangu lini sijui. Nje mvua tu, wala si baridi. Wangeweza kuizima boila wiki nzima na asingelalamika mtu isipokuwa mama.

Desemba 4

Sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji wa makaa. Bendi ya wachimbaji imepita mtaani asubuhi na manyoya yao ya kofia, na jioni chuo kimefanya karamu. Bia, nyama ya goti la nguruwe, nyimbo. Mkuu wa kiwanda kimoja cha joto cha kusini, kule karibu na milima, alisimama akanyanyua glasi kwa Profesa. Nao wameyavika mabomba yao utando wetu mwezi wa Septemba, hawakutaka kusubiri. Watu walipiga meza kwa vikombe.

Nilimwangalia Profesa. Alicheka mahali panapostahili kucheka. Alinitazama mara moja tu, halafu akaanza kuongea na mtu wa upande mwingine.

Nilidhani namjua mtu huyu.

Desemba 8

Nimekula kwa Hubert. Mkewe alipika matonge ya viazi yenye kishimo katikati, na kabichi nyekundu. Nilimweleza Hubert kuhusu mstari, na kwamba bomba likipasuka mvuke utatokea mlango wa ukaguzi. Akasikiliza huku akichovya tonge kwenye mchuzi, kisha akaniuliza kama hadubini yangu ikimtazama yeye itaona nini.

"Utasema nina ukoma," akasema. "Dada, mimi nasimama mbele ya mlango wa ile boila kila siku. Ningekuwa naogopa kila unachokiona ukikikuza mara elfu, ningelima vitunguu."

Mkewe hakucheka. Aliniuliza jikoni, taratibu, kama ni jambo la kweli. Nikamwambia sijui bado. Huo ulikuwa uongo nusu.

Desemba 12

Nimekwenda kwa Bi Klimza bila kumwambia Profesa.

Ndiye mkurugenzi wa kiwanda. Hubert humwita Mama Barafu, na katika mji wetu husemwa kwamba angemuuza mama yake kwa tani moja ya makaa. Alinipokea amesimama. Nikamwonyesha picha. Hakujifanya kuelewa, aliuliza maswali mafupi, kila jibu akaliandika. Kisha akanieleza hali yake. Boila ya kwanza imefunguliwa, iko vipande vipande, inangoja vyuma. Ya pili ni ndogo. Akiizima ya tatu, mji utapata nusu ya joto. Leo nusu inatosha. Baridi ikija haitoshi.

Akaniomba kitu kimoja: maneno hayohayo, yakiwa na sahihi ya Profesa.

"Wewe nakuamini," akasema. "Lakini halmashauri haikujui. Wanamjua yeye."

Nikamwambia hatatia sahihi. Akafunga kalamu yake. Nilitoka nikimchukia, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

Desemba 13

Nilimwomba Profesa sahihi. Amesema Januari.

Desemba 24

Theluji ya kwanza ya kweli. Samaki kwenye sahani, supu ya uyoga, keki tamu ya mbegu za mpopi, na sahani moja tupu kwa mgeni asiyejulikana. Hubert aliinuka kabla hatujamaliza kuimba, ana zamu. Alimega mkate mwembamba uliobarikiwa na mama, kisha na mimi, na kama desturi tukatakiana mema. Alinitakia nipunguze kuwaza. Nikamtakia asisimame mbele ya mlango wa ukaguzi.

"Hayo ni matakwa gani ya Krismasi," akasema. Lakini alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake, sijui niseme vipi.

Januari 6

Baridi imetoka mashariki. Madirisha ya tramu yameganda kwa ndani. Redieta za mama zinachoma mkono. Boila ya tatu inafanya kazi kwa nguvu zake zote.

Januari 9

Kunguru wamekufa kwenye uwanja wa kanisa. Wameanguka tu.

Januari 13

Kipande cha tatu. Sitaandika mengi kuhusu maabara kwa sababu hakukuwa na kazi ya maabara.

Hubert alikileta mchana. Nilifungua gazeti, nikakishika kwa vidole viwili, na utando ukabaki mkononi mwangu. Ulitoka mzima, kama ngozi ya samaki aliyeiva. Upande wa juu ulikuwa unang'aa. Upande wa chini ulikuwa na unga wa rangi ya chokoleti, na chuma kilichobaki kilikuwa kimeliwa mashimo mashimo. Sikuhitaji hadubini. Hubert alikuwa amesimama pale, kofia mkononi. Akarudi kazini.

Akarudi kazini. Nimeyaandika maneno haya mara mbili kwa sababu sikumzuia.

Nilivaa koti nikaenda nyumbani kwa Profesa. Anaishi peke yake tangu mkewe afariki, vitabu hadi kwenye beseni. Nilikiweka kipande mezani juu ya gazeti lake, na utando kando yake. Aliutazama bila miwani. Aliugusa kwa ukucha, ukavunjika. Birika lilichemka likajizima.

Mwishowe akasema, "Kiache hapa."

Nikamwambia ni kipande cha pekee. Akarudia vilevile, sauti ileile. Nikakiacha. Nikashuka ngazi nikiwa na hakika kwamba nimeutupa ushahidi mtoni, kwamba kufikia kesho kitakuwa kimepotea, na kwamba mtu niliyemwita mwalimu wangu ni mwoga tu aliyesoma sana.

Januari 14

Niliamka nikiwa nimeamua kwenda kwa Bi Klimza mikono mitupu. Nilipofika, mlango wa ofisi yake ulikuwa wazi na Profesa alikuwa ndani. Ameketi kwenye kiti cha wageni, amevaa suti ya karamu, kofia magotini. Kipande kilikuwa juu ya meza ya Bi Klimza. Alikuwa ameshaandika na kutia sahihi. Alikuwa anasema, kwa sauti ya kawaida ya darasani, kwamba amekosea, kwamba boila izimwe leo, na kwamba mtu yeyote asipite mbele ya milango ya ukaguzi hadi ipoe.

Bi Klimza alitazama dirishani. Kipimajoto cha nje kilikuwa kimeshuka hadi sikutaka kukisoma. Akauliza kama anaweza kusubiri baridi ipungue, watabiri wanasema wiki ijayo.

"Sijui," Profesa akasema. "Hilo ndilo ninalokuambia. Sijui tena."

Nilingoja Mama Barafu ahesabu. Akainua simu. Alizungumza na meya, na meya alipiga kelele hata mimi nikazisikia. Yeye hakupandisha sauti. Alimwambia afungue kumbi za shule na kanisa, azipashe moto kwa umeme, awachukue wazee kwanza, na kwamba lawama ziandikwe kwa jina lake yeye, mkurugenzi. Akakata. Akapiga tena, safari hii kwenye zamu, na nikasikia upande wa pili sauti ya mdogo wangu ikisema ndiyo, Bi Mkurugenzi, ndiyo.

Boila kubwa haizimwi kama taa. Ilishushwa taratibu hadi jioni. Hubert aliwatoa watu wake wote sakafuni akabaki na mwenzake mmoja kwenye chumba cha vioo. Mimi na Bi Klimza tulisimama uani kwenye theluji. Alikuwa amesahau glavu. Kila chuma kilipolia ndani ya jengo, alifumba macho.

Hakuna kilichopasuka.

Januari 16

Mama analala na kofia na koti la manyoya, paka wa jirani miguuni. Redieta ni baridi kama jiwe la kaburi. Hataki kwenda shuleni kulala na watu. Nimemletea hita ya umeme, na taa za ngazi zote zimezimika kwa sababu kila nyumba imewasha ya kwake.

Gari la Hubert limemwagiwa maji, limeganda milango. Kwenye duka la mkate mwanamke mmoja alimwuliza muuzaji, akinitazama mimi, kama ni kweli wasomi wameizima boila kwa sababu ya mkwaruzo.

Januari 17

Bwana Foltyn wa ghorofa ya pili kwa mama amekutwa amekufa kitandani. Alikuwa na moyo mgonjwa miaka mingi. Daktari hasemi ni baridi, hasemi si baridi. Binti yake alipita karibu yangu kwenye ngazi bila kunisalimu.

Novemba kulikuwa na mvua tu.

Januari 18

Tumeingia ndani ya tanuri. Bi Klimza na kofia ngumu, Profesa, mimi, Hubert na taa. Ndani ni kama kanisa lililoungua, kuta zote za mabomba, moja kando ya jingine, hadi juu gizani. Yalikuwa mazuri. Taa ya Hubert ilipita juu yake nayo yakarudisha mng'ao. Nilimsikia Hubert akicheka kwa hasira.

"Tazameni," akasema. "Mapya kabisa. Mtu amekufa kwa haya."

Profesa akamwomba ufunguo wake wa nyumba. Hubert hakuelewa, akampa. Profesa akagonga bomba taratibu, kama anayebisha hodi. Kipande cha utando kikubwa kuliko sahani kikaanguka miguuni pake. Akausukuma ufunguo kwenye kutu ya kahawia iliyokuwa nyuma yake, na ufunguo ukaingia. Ukaingia hadi kwenye kishikio.

Bomba hilo lilikuwa mkabala na mlango wa ukaguzi.

Hubert aliuchomoa ufunguo wake. Akaupangusa kwenye suruali, upande huu, upande ule, akaendelea kuupangusa. Halafu akakaa chini kwenye majivu. Bi Klimza akakaa karibu naye, hivyo hivyo na koti lake zuri.

Nilimdhania vibaya mwanamke huyu. Naandika ili nisisahau.

Januari 19

Profesa amepiga simu kiwanda cha kusini asubuhi. Yule aliyenyanyua glasi amemsikiliza. Nao wanachoma majani makavu. Ameomba apelekewe maandishi. Tumeyapeleka kwa dereva, na picha, na utando ndani ya bahasha.

Januari 20

Wamejibu. Wataizima baridi ikipungua. Huko milimani ni kali kuliko kwetu, na wamesikia habari za mzee Foltyn.

Profesa amepiga tena. Na tena. Mchana hawakupokea. Akavaa koti akasema anakwenda mwenyewe. Treni zimekwama kwenye theluji. Bi Klimza akatoa gari la kiwanda, barabara imefungwa kabla ya bonde, polisi wakawarudisha. Amerudi na barafu kwenye nyusi.

Januari 22

Imepasuka. Kusini. Asubuhi, wakati wa kubadilishana zamu. Mvuke ulitokea mlango wa ukaguzi. Wawili wameungua, mmoja wao amefariki njiani kwenda hospitali. Aliitwa Zenon Gąsior.

Niliisikia redioni maabarani. Profesa alikuwa anang'arisha kipande. Aliendelea kuking'arisha, duara, duara, hadi nikamshika mkono.

Januari 27

Joto limepanda. Maji yanadondoka kwenye mapaa yote. Boila ya kwanza imepona, redieta zimeanza kugonga. Mama ameniambia nimwambie Hubert asante. Hubert aliposikia alitoka kwenda barazani, akakaa huko muda mrefu bila kofia.

Februari 5

Nimerudi kutoka kusini. Niandike leo, kesho nitaanza kuipamba.

Mazishi yalikuwa yamepita. Profesa alisema hakutaka kusimama makaburini kati ya watu ambao hawajui yeye ni nani. Alitaka kwenda nyumbani kwa marehemu. Nikamwambia si lazima, mwanasheria wa chuo amemkataza waziwazi. Akasema anajua. Nikampeleka kwa gari.

Ghorofa ya tatu, mlango wa kahawia, viatu vya kazi vya mwanamume bado viko nje kwenye gazeti. Mjane ni mwanamke wa umri wangu, anaitwa Bi Sabina. Alidhani tumetoka kiwandani. Akatukaribisha, akatuwekea chai na keki iliyobaki kwenye matanga. Profesa hakugusa. Kofia magotini. Alijitaja jina, akasema yeye ndiye aliyetengeneza kitu kilichopakwa kwenye mabomba, na kwamba kitu hicho kilificha uharibifu badala ya kuuzuia.

Mwanamke alisikiliza. Kutoka chumba kingine televisheni ilikuwa inaongea na watoto.

"Kiwandani wamesema mliwaambia wazime," akasema. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Wakakataa."

"Walitaka kusubiri baridi ipungue."

Akatikisa kichwa taratibu. Niliona uso wake unaanza kulegea. Nadhani alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kumshukuru katika jambo hili lote, hata mmoja tu. Akamsogezea Profesa kikombe.

"Na wewe mwenyewe," akasema, "ulijua lini?"

Ningeweza kujibu mimi. Januari kumi na tatu, ningesema, na ingekuwa tarehe halali kabisa, siku utando ulipobaki mkononi mwangu. Barua zote zinasema hivyo. Nilifungua mdomo.

"Novemba," Profesa akasema. "Bi Malwina alinionyesha mwezi wa Novemba. Nikamwambia amekata vibaya."

Bi Sabina alikirudisha kikombe upande wake wa meza. Akainuka, akaenda kufungua mlango wa ngazi, akausimamia, mkono kwenye kitasa, akitazama sakafu. Tulipita mbele yake. Profesa alimshukuru kwa chai.

Alishuka akishikilia ukuta. Garini hakufunga mkanda, nikamfungia. Tulipita bonde lote, theluji chafu pande zote mbili, kabla sijaweza kumuuliza kwa nini hakusema Januari. Bi Sabina asingejua kamwe. Angekuwa na mtu mmoja mwema wa kumkumbuka.

Alifikiri sana, kama ninavyomjua, kama alivyofikiri kila swali nililomuuliza tangu nikiwa mwanafunzi.

"Aliniuliza nilijua lini," akasema.